Katuni nilizompokonya binti yangu

Leo sina malalamiko ya karo wala ya nauli za matatu. Leo nina la kuungama.

Wewe unayenisoma hapa kila juma wajua jinsi ninavyopenda kuwahubiria wazazi juu ya vitabu. Nimewalaumu walimu, nimewalaumu wachapishaji, nimelaumu televisheni, na siku hizi nalaumu simu. Basi mwanzoni mwa Agosti, shule zilipofungwa, nilirudi nyumbani mapema nikamkuta binti yangu wa miaka 16 amejilaza kwenye kochi, kitabu kikubwa cha michoro kifuani. Katuni! Mtoto wa sekondari, msichana mwenye akili zake, anasoma katuni mchana kutwa! Nikampokonya, nikakiweka juu ya kabati pamoja na vingine vitatu nilivyovikuta chini ya mto wake, nikamwamuru atafute kitabu cha maana.

Hakulia wala hakubisha. Jioni tulipokuwa tukila aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Baba, kitabu cha mwisho wewe kukisoma chote ni kipi?"

Mama yake akainamia sahani. Mdogo wake akanitazama kama mtu anayengoja mkwaju wa penalti. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Magazeti nasoma kila siku, hilo hakuna anayebisha. Simu ndiyo usiseme. Lakini kitabu, kutoka jalada hadi jalada? Nilipiga hesabu kimoyomoyo nikagundua kuwa ilikuwa kabla ya janga la korona la mwaka 2020, na hata hicho kurasa za katikati niliziruka.

Tukafanya mapatano. Kwa mwezi mzima ningesoma kila siku. Vya kwangu ningejichagulia, na kwa kila kimoja changu ningesoma kimoja chake kutoka juu ya kabati. Naye angejaribu vyangu. Nilikubali upesi, maana nilidhani vyake vingenichukua dakika kumi kumi.

Nianze na aibu ndogo. Kwa kutaka kumwonyesha mtoto ubingwa, nilianza na Moby-Dick, ile riwaya nene ya Mmarekani Herman Melville iliyotoka mwaka 1851, habari za nahodha anayemsaka nyangumi mweupe aliyemkata mguu. Mwanzo wake ni mtamu ajabu. Kisha nikafika sura ya 32, ambapo mwandishi anasimamisha safari nzima ili akupangie aina za nyangumi, wakubwa kwa wadogo, kama mwalimu wa sayansi anayeogopa kengele isije ikalia kabla hajamaliza. Usiku tatu mfululizo nililala na kile kitabu kikanianguka usoni. Siku ya nne nikakirudisha. Wenye nguvu wamalize, mimi bado nipo ufuoni.

Hapo nikaona heri nirudi kwa mtu ninayemjua. Nilichukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kile kilichoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957-58 kikachapishwa mwaka 1960. Kama humjui Bwana Msa na kiko chake, na Najum rafiki yake anayekisia kila mara na kukosa, basi una deni. Nilikimaliza kwa siku mbili. Nilikuwa nimekisoma nikiwa kijana, na bado nilimshuku mtu asiye na hatia! Kusoma ndani ya matatu asubuhi kwenye Jogoo Road nako kuna vituko vyake: ukishika simu hakuna anayekujali, lakini ukishika kitabu watu hukutazama kana kwamba wewe ni mhubiri unayetafuta aya.

Kitabu kilichonishika koo mwezi huu ni kingine. Ni Great Expectations cha Charles Dickens. Nilikisoma nikiwa kidato cha pili, ila kile kilichofupishwa kwa wanafunzi, kurasa mia na kidogo. Safari hii nilikipata kizima kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza mali yao kando ya njia katikati ya jiji, jalada limechanika, na ndani jina la mtu limeandikwa kwa wino pamoja na mwaka: 1971. Kilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la Dickens mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Watu walikingoja juma kwa juma, na ukikisoma unaona: kila baada ya kurasa chache anakuacha mdomo wazi.

Mambo yenyewe ni ya Pip, mtoto yatima aliyelelewa na dada yake mkali na shemeji yake Joe, mhunzi. Joe hajui kusoma vizuri, lakini ana moyo mweupe. Siku moja Pip anaambiwa kuna mtu asiyetaka kutajwa aliyemwachia fedha aende London akafanywe bwana mkubwa. Anaenda. Anavaa vizuri, anajifunza kula kwa uma. Halafu Joe anakuja kumtembelea.

Sura hiyo, msomaji wangu, katika kile kitabu cha shule haikuwamo, au ilikuwamo mistari miwili tu. Katika kitabu kizima Joe anaingia na kofia yake, hajui aiweke wapi. Anaiweka pembeni mwa rafu iliyo juu ya moto, inaanguka. Anaiokota, anairudisha, inaanguka tena. Na yule mtoto aliyembeba mgongoni sasa anamwita bwana. Pip naye anaona haya. Anatamani hata angelipa Joe asije. Nilicheka na ile kofia kwa kurasa mbili. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka koti.

Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Siku ya wazazi ilipofika, baba za wenzangu walikuja na magari, na wengine kwa basi lakini kwa suti. Baba yangu alikuja kutoka Murang'a amevaa koti la kahawia la zamani, zito, na mikono yake imeishia juu ya vifundo kana kwamba liliazimwa kwa mtoto. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Yule ni nani?" Nikamjibu, "Ni mtu wa kwetu nyumbani. Ametumwa na Baba." Baba alikuwa karibu, tena karibu mno. Hakusema neno. Alinipa mkate na chupa ya maziwa, akanisalimu kama mtu aliyetumwa, akaenda zake. Muhula uliofuata vitu vyangu vililetwa na jirani. Baba hakukanyaga tena shule ile mpaka nilipomaliza.

Sikuwahi kumwomba radhi. Alifariki mwaka 2009.

Nilipotaka kujua zaidi juu ya Dickens nilikuta jambo ambalo nalo lilininyima usingizi. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa kushindwa kulipa madeni, naye Charles akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, kubandika karatasi kwenye vikopo. Jambo hilo alilificha maisha yake yote. Alimwamini rafiki yake John Forster, na watoto wake hawakujua mpaka walipolisoma katika kitabu cha Forster baada ya baba yao kufariki mwaka 1870. Mwanawe Henry alikuja kueleza kuwa Krismasi ya mwisho, ile ya 1869, familia ilikuwa ikicheza mchezo wa kukumbuka maneno, kila mtu anaongeza lake. Zamu ya baba yao ilipofika, akataja jina la kile kiwanda na mtaa kilikokuwa. Wote wakalirudia kama neno lolote lile, mchezo ukaendelea. Alikuwa amewafungulia mlango kidogo, na hapakuwa na wa kuchungulia.

Binti yangu je? Alikisoma hadi nusu, akamkasirikia Pip, akakitupa. Bado hajakimaliza.

Sasa nije kwenye vya juu ya kabati. Vijana huviita riwaya za picha, kwa kuwa ni hadithi ndefu na kamili, si vipande vya kuchekesha. Cha kwanza kilikuwa Aya, kilichoandikwa na Marguerite Abouet wa Ivory Coast na kuchorwa na Mfaransa Clément Oubrerie, kikaanza kutoka mwaka 2005. Ni habari za wasichana watatu wa mtaa wa Yopougon, Abidjan, mwishoni mwa miaka ya sabini. Ndani mna disko, akina mama wakali na akina baba wenye siri: yaani ni mtaa wowote wa Eastlands, ila watu wanakula ndizi kwa mtindo mwingine. Nilimaliza mabuku mawili ya kwanza kabla ya chakula cha jioni, nikamrudishia kwa majivuno.

"Umeona mtoto ni wa nani?" akaniuliza.

Mtoto gani? Katika hadithi ile kuna mtoto anayezaliwa, na ubishi juu ya baba yake. Nilikuwa nimesoma maneno yote, kila neno. Lakini jibu halimo katika maneno. Limo katika sura ya mtoto na sura ya kijana mmoja, zimechorwa wazi kabisa. Nilikuwa nimepita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi. Binti yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaambiwa nirudie, safari hii polepole, nisimame katika kila picha.

Katuni ina ugumu wake, na mimi niliyewahi kuidharau nakwambia. Kitabu cha maneno hukushika mkono. Katuni hukuachia pengo kati ya picha na picha, na katika pengo hilo wewe ndiwe unayefanya kazi. Katika Persepolis, kitabu cha Marjane Satrapi juu ya utoto wake mjini Tehran, kilichotoka Ufaransa katika mabuku manne kati ya 2000 na 2003, kuna ukurasa ambao sikuweza kuupita. Juu, wavulana waliopelekwa vitani dhidi ya Iraq wanarushwa na mabomu, shingoni wamening'iniza funguo za plastiki walizoambiwa kuwa ni za peponi. Chini yake ni Marjane na wenzake wakicheza dansi kwenye sherehe yake ya kwanza. Ukitazama viungo vyao, mikono na miguu iliyorushwa hewani, miili ya juu na ya chini ni ile ile. Ningehitaji ukurasa mzima wa gazeti kukueleza yaliyomo pale, na bado ningekosea.

Na kumbe mapenzi ya katuni yamo katika damu yetu! Baba, ambaye hakuwa amesoma sana, alinunua Taifa Leo kila alipopata senti, na kabla hajagusa habari za siasa alianza na Juha Kalulu, ile katuni ya Edward Gitau. Ni mojawapo ya mara chache nilizomsikia akicheka kwa sauti. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Nilipomweleza binti yangu aliniangalia tu, kisha akaangalia juu ya kabati.

Kilichobaki kilikuwa Maus, nacho nakuomba uvumilie nikieleze kwa kituo.

Mwandishi na mchoraji wake ni Art Spiegelman wa Marekani. Buku la kwanza lilitoka 1986, la pili 1991, na mwaka 1992 kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, riwaya ya picha ya kwanza kufikia hapo. Ni habari za wazazi wake, Vladek na Anja, Wayahudi wa Poland waliotupwa Auschwitz wakati wa utawala wa Wanazi wakatoka wakiwa hai. Mtoto wao wa kwanza, Richieu, hakupona. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani kama paka. Nilipoona hivyo nilidhani ni mzaha usiofaa. Kurasa kumi baadaye nilikuwa nimesahau kuwa nawatazama panya.

Januari 2022 bodi ya shule za wilaya ya McMinn, jimbo la Tennessee, ilikiondoa kitabu hicho katika mafunzo yake. Nilipomsomea binti yangu habari hiyo kwa mshangao, alinikumbusha kwa upole kuwa hata nyumba yetu ilikuwa na bodi yake, mwenyekiti mimi.

Alinionyesha ukurasa ambapo Vladek na Anja wanatembea hawajui waende wapi, na njia panda waliyofikia, ukiitazama kwa mbali, imechorwa kama ule msalaba uliopindwa wa Wanazi. Kila upande wa kukimbilia ni mkono wake. Peke yangu nisingeuona.

Lakini kilichonitia baridi si kambi. Ni yale ya sasa, mtoto mtu mzima ameketi na baba yake mzee huko New York, kinasa sauti mezani, akimuuliza. Na yule mzee ni mgumu! Anahesabu vidonge vyake. Anabana matumizi mpaka mtu anaona haya kuongozana naye. Wanapotembea barabarani anaokota kipande cha waya, kisa ndani mna nyuzi nyembamba zinazofaa kufungia vitu, na mwanawe anakasirika.

Baba yangu alinyoosha misumari. Kila msumari uliong'olewa, uliopinda, ulioshika kutu, aliupigapiga juu ya jiwe mpaka ukanyooka, akautia katika mkebe. Alipofariki tulikuta mikebe saba. Tulicheka, mimi na ndugu zangu, tukaitupa.

Kuna mahali katika kitabu hicho Art anagundua kuwa baba yake alichoma madaftari ya kumbukumbu ya marehemu mama yake, Anja, aliyejiua mwaka 1968. Alikuwa akiyatafuta kwa muda mrefu. Anamwita baba yake muuaji. Niliposoma hapo nilikuwa upande wa Art moja kwa moja. Tutafika.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nilimwambia binti yangu avae viatu, tukapanda matatu ya Murang'a. Mama yangu ana miaka 83. Miguu imechoka lakini kumbukumbu haijachoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisi watoto tulijua kwamba Baba "alikamatwa wakati wa hali ya hatari", basi. Nyumbani lilikuwa neno kama hali ya hewa. Miaka mingi nchini jina la Mau Mau lenyewe lilikuwa bado limepigwa marufuku, marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2003 tu, na nadhani kimya cha serikali na kimya cha nyumba zetu vilisaidiana.

Tulinywa chai kwanza. Kikuyu cha binti yangu ni cha kuombea maji na kushukuru, kwa hiyo alisema, "Shosho, Guka alikuwa mtu wa namna gani?" na mengine nikatafsiri mimi. Alikuwa na daftari la shule na kalamu. Kinasa sauti kipo kwenye simu siku hizi, lakini alisema anataka kuandika.

Mama alianza na misumari, bila kuulizwa. Mwaka 1954, alisema, kina Baba walipoamriwa kuhamia kijijini, kama walivyohamishwa watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati, nyumba ya zamani ilichomwa. Babu alirudi siku ya pili akachakura majivu akaokota misumari, na hiyo ndiyo iliyojenga kibanda kipya. Baba hakuwapo, alihadithiwa baadaye. Alikuwa Nairobi, kijana wa miaka 18, kibarua, akilala chumba kimoja na mwenzake. Tarehe 24 Aprili mwaka huo jeshi liliuzingira mji katika ile operesheni ya Waingereza iliyoitwa Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakakusanywa na kupelekwa Langata kuchujwa. Baba na mwenzake walikuwa miongoni mwao.

Hapo nikamweleza Mama habari ya siku ya wazazi. Nilieleza yote, na yale maneno niliyomjibu mwenzangu, mbele ya mtoto wangu. Binti yangu aliacha kuandika.

Mama alikaa kitambo. Kisha akasema, "Lile halikuwa koti lake."

Usiku kule Langata kulikuwa na baridi, na wale vijana wawili walijifunika koti moja. Mwenyewe alikuwa mfupi kuliko Baba. Asubuhi mistari ikatenganishwa. Mwenzake alielekezwa upande mwingine, akamrushia Baba koti akisema amshikie, angelichukua jioni. Hawakuonana tena. Baba alipelekwa Manyani, na alipoachiliwa mwaka 1957 alirudishiwa nguo alizoingia nazo, koti likiwamo. Kila palipokuwa na mkutano wa watu wengi wa kutoka mbali, maonyesho ya kilimo, arusi, mazishi makubwa, alilivaa. Alilivaa ili lionekane. Alisema mwenyewe akiliona atalijua.

"Siku ile ya shule," Mama akasema, "alikuwa na furaha tangu asubuhi. Alisema watakuwapo wazazi wa wilaya zote. Aliporudi akalitundika msumarini. Sikumwona nalo tena."

Mwaka 2009, msomaji wangu, tulipokuwa tukisafisha chumba chake, mimi ndiye niliyelitoa lile koti pale msumarini nikampa kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa jirani. Nilifurahi kuwa limepata wa kulivaa.

Sikuweza kuyatafsiri hayo mara moja. Binti yangu alingoja, kisha akamgusa nyanya yake mkono. "Shosho, huyo mwenzake Guka, jina lake nani?"

"Guka wako hakunitajia jina," Mama alisema. "Alimwita mwenyewe, siku zote. Nami sikuuliza."

Nilipochungulia daftari baadaye ndani ya matatu, nilikuta ameandika kurasa nne, kwa mwandiko mdogo, kuanzia misumari. Pale jina lilipopaswa kuwa ameacha nafasi wazi ya upana wa vidole vitatu, na juu yake, kwa penseli, ameanza kuchora koti.